Picha za mama zimegandia albamu: nizibandue au niziache?

*"Shikamoo. Mama yetu alitutoka mwaka jana, na mimi ndiye niliyekabidhiwa albamu yake. Ni zile albamu nene za kurasa za gundi zenye nailoni juu, aliinunua miaka ya 80 tukiwa bado wadogo hapa Tanga. Picha zimegandia humo. Nikivuta pembe naona karatasi inataka kuchanika. Nyingine zina madoa meupe kama unga, na za rangi zimegeuka nyekundu. Kuna moja isiyo ya rangi, ya babu na bibi siku ya harusi yao. Hiyo iko kwenye fremu na imeshikana na kioo. Kijana wa studio ameniambia nizifute kwa spiriti kisha nizianike juani. Mdogo wangu aliyeko Muscat anasema nizipige zote kwa simu, nimtumie kwa WhatsApp, halafu albamu yenyewe tuitupe maana inanuka. Nifanyeje? Sina fedha nyingi, na naogopa kuharibu."*

Marahaba, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Hofu yako imekusaidia: ule mkono uliosita kwenye pembe umeshaokoa picha kadhaa. Usivute tena. Spiriti usiipake, juani usizitoe, na albamu msiitupe. Mdogo wako ana haki kwenye jambo moja tu, kwamba picha zote zinakiliwe, na hilo lifanyike kabla hujabandua hata moja. Kazi ya kubandua inaweza kusubiri hata mwaka mzima bila hasara kubwa.

Nianze na picha yenyewe ilivyoundwa, kwa sababu ukilielewa hilo hutahitaji kunikumbuka mimi kila ukiishika. Picha ya studio ya zamani si wino uliochapwa juu ya karatasi. Ni karatasi iliyopakwa utando wa gelatini, na taswira imo ndani ya utando huo. Gelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe. Umewahi kuacha supu ya makongoro ikalala hadi asubuhi? Ile iliyoganda ikawa inatikisika sufuriani ndiyo jamii yake. Sura ya mama yako imeshikiliwa na kitu cha namna hiyo, kilichokaushwa kikawa chembamba kuliko unywele.

Gelatini hunywa unyevu kutoka hewani. Ikinywa huvimba na kulainika, ikikauka husinyaa na kukaza. Picha ya babu na bibi iligusana na kioo bila nafasi katikati. Kila masika ililainika kidogo ikakilalia kioo, kila kiangazi ikakauka ikiwa imekikamata, na sasa vimekuwa kitu kimoja. Hapo hakuna gundi yoyote, ni utando wa picha wenyewe ndio umegeuka gundi.

Na kwa kuwa ni protini ya ng'ombe, ukungu huiona kama chakula. Hewa ikikaa na unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na zaidi kwa muda mrefu, mbegu za ukungu, ambazo hazikosekani katika nyumba yoyote, huanza kuota. Sisi wa pwani hewa ya namna hiyo tunaishi nayo sehemu kubwa ya mwaka. Huo unga mweupe uliouona ndio huo, na sehemu ya harufu anayoilalamikia mdogo wako inatoka hapo.

Harufu iliyobaki inatoka kwenye albamu yenyewe. Tulizipenda sana albamu hizo, hata mimi nilikuwa nazo: huhangaiki na vile vipembe vya karatasi, unafunua nailoni, unaweka picha, unafunika, basi. Kumbe kadi ya ukurasa ilitengenezwa kwa karatasi duni inayotoa asidi, mistari ya gundi huzeeka ikawa ya kahawia, na nailoni mara nyingi ni ya PVC, plastiki ambayo nayo ikichakaa hutoa mvuke wenye asidi. Picha imebanwa katikati ya vitu vitatu vinavyoidhuru. Kwa hiyo si kweli kwamba zikiachwa humo milele ziko salama. Ila zinadhurika polepole sana, na mtu mwenye haraka anaweza kuziharibu kwa dakika moja.

Hapo ndipo ulipo ushauri wa studio. Kijana hakukusudia ubaya, spiriti husafisha kioo cha lenzi vizuri, labda ndipo alipoipata. Lakini kwenye picha inaweza kuyeyusha rangi zilizopakwa kwa mkono, mihuri na maandishi ya wino, na kuacha wingu ambalo halitoki tena. Maji ni mabaya zaidi, na hili nalisema kwa aibu. Nilipoanza kazi hii niliona picha moja yenye ukungu kidogo shavuni, nikachovya pamba kwenye maji safi nikapangusa taratibu. Shavu likaja na pamba. Sikujua wakati ule kwamba ukungu unapoila gelatini huiacha ikiwa inayeyuka majini. Picha nzima isiyo na ukungu inaweza kuvumilia maji, maana hata ilipozaliwa iliogeshwa kwenye beseni la dawa. Iliyoliwa haivumilii. Na kwa macho huwezi kujua imeliwa kwa kina gani.

Jua nalo hukausha haraka mno, picha ikajikunja kama jani na utando ukapasuka, huku mwanga mkali ukipausha rangi zilizobaki. Nitaje na la tatu, kwa kuwa wewe ni mtu wa Tanga na najua kabati zetu: usizifukize udi. Harufu ya ukungu itafichika, lakini moshi huacha mafuta membamba juu ya utando. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende navyo visikae pamoja na picha.

Sasa kazi yenyewe. Ngoja siku kavu, mvua zikiwa zimepita, ikiwezekana katika kipupwe cha Juni hadi Agosti. Weka meza karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua lisipoingia moja kwa moja. Nawa mikono, ikauke kabisa, usiwe umejipaka mafuta. Piga kwanza kila ukurasa mzima kama ulivyo, pamoja na nailoni, maandishi ya mama, hata nafasi tupu ambapo picha ilitolewa. Watu hudharau hatua hii. Mpangilio wa albamu ni habari: mama aliamua nani akae karibu na nani, na picha isiyo na tarehe mara nyingi hujulikana umri wake kwa kuangalia jirani yake. Ukishazitawanya, habari hiyo imekwisha.

Kisha rudia, picha moja moja. Nailoni ikifunuka kwa hiari yake, ifunue. Ikiwa imeshikana na uso wa picha, iache na upige hivyo hivyo. Zima flashi. Simu iwe sambamba na picha, la sivyo mtu wa pembeni atatoka mnene kuliko alivyokuwa; mimi huilaza juu ya vitabu viwili vilivyoachana, lenzi ikichungulia katikati, na naweka kihesabu cha sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Mng'ao ukikusumbua, tafuta kitambaa cheusi kisichong'aa, baibui kuukuu linatosha, ukining'inize upande unaotoa mng'ao. Futa lenzi kabla ya kuanza. Najua ni jambo dogo, ila nimepokea mamia ya nakala zenye ukungu ambao si wa picha, ni wa kidole cha mpigaji.

Ukipata skena ya kioo bapa, ni bora kuliko simu kwa picha ndogo. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi inatoa takriban pikseli 2,100 kwa 3,100, ambazo zinatosha kuichapa upya ikiwa mara mbili ya ukubwa wake bila kufifia. Kwa nukta 300 unabaki na robo ya hizo. Zile skena zinazovuta karatasi ndani kwa magurudumu usizikaribie na picha za zamani. Na ukurasa wa albamu usiukandamize kwenye kioo kwa nguvu. Kama hautulii wenyewe, rudi kwenye simu.

Kuhusu kutuma Muscat: ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huipunguza, na kilichofika si kile ulichokipiga. Itume kama hati, ndipo itafika nzima. Hapo mdogo wako anakuwa na kazi ya maana kuliko kushauri: yeye ndiye ghala la pili. Nakala moja kwako kwenye diski au kompyuta, nyingine kwake, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni kama mnaweza. Simu peke yake haihesabiki kuwa hifadhi. Inaanguka, inaibwa, inatumbukia kwenye ndoo.

Sasa tuje kwenye ukungu. Toa albamu kibarazani palipo na kivuli na hewa inayotembea, vaa barakoa, na mtu mwenye pumu asiwe karibu. Iache wazi, kurasa zikiwa zimeachana kama feni, siku mbili tatu hadi unga usiwe wa kunata. Ukungu mkavu hupanguka, ulio mbichi hupakaa na kuzama ndani. Tumia brashi laini sana, ile ya kupakia poda ikiwa mpya inafaa, pangusa kwa wepesi ukielekeza nje ya picha. Doa likibaki baada ya hapo, liache. Kilichobaki mara nyingi si uchafu tena, ni shimo katika utando, na huwezi kufuta shimo.

Ndipo sasa uulize swali la kichwa: kubandua au kuacha. Mimi hubandua zile tu zinazokubali. Chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, unauzwa maduka ya dawa. Mshipi mwembamba wa kuvulia nao unafanya kazi, na pwani haukosekani. Upitishe chini ya pembe ya picha, kisha uuvute kulia na kushoto kama msumeno, ukiukandamiza kuelekea ukurasani badala ya kuelekea picha. Unakata gundi, hunyanyui picha. Anzia na picha usiyoijali sana, ile ya ugo mtupu au ya mtu asiyejulikana, ili mkono ujifunze. Picha isiinuke ikakunjika hata kidogo, kwa sababu utando uliozeeka ukikunjwa huvunjika, na ufa haurudi.

Gundi ikiwa ngumu, watu wengine hupuliza joto la mashine ya kukaushia nywele nyuma ya ukurasa. Nimefanya hivyo, kwa joto la chini kabisa na kwa sekunde chache, na zipo zilizokubali. Sikushauri ulifanye kwa picha ambayo huna nyingine kama hiyo. Ukisikia ukinzani, simama. Kata kadi kuizunguka picha kwa mkasi, uache ukingo kidogo, uihifadhi pamoja na kipande chake cha kadi. Haipendezi, nakubali. Lakini picha iliyokaa na kadi mbaya mgongoni bado ni picha.

Kabla ya kuzihamisha, peleka albamu kwa wazee. Hili ningeliweka mbele hata ya kukausha ukungu kama shangazi zako wamezeeka. Kaa nao, funua ukurasa mmoja mmoja, rekodi sauti kwa simu, waache wabishane nani ni nani. Majina yaandike kwa penseli laini kwenye ukingo wa nyuma ya picha iliyobanduka. Penseli isiposhika, kama ilivyo kwa karatasi nyingi za rangi zilizopakwa plastiki nyuma, andika kwenye bahasha kabla ya kuitia picha. Kalamu ya wino hupiga muhuri upande wa pili na huambukiza picha iliyo chini yake.

Hifadhi yenye gharama ndogo ni bahasha nyeupe za karatasi, picha moja kila bahasha, zikisimama ndani ya boksi gumu la kadi. Ukipata za plastiki, ziwe za poliester, polipropilini au polithini. Plastiki yenye harufu kali ya upya iache dukani. Boksi likae kabatini, mbali na ukuta wa nje unaolowa mvua, lisikae sakafuni wala juu kabisa chini ya bati. Watu hupenda ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, wakidhani unyevu hautaingia. Ni kweli hautaingia, ila ule uliokwishaingia na picha hautatoka. Vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vinasaidia kwenye chombo kilichofungwa tu, na vikishashiba havina kazi mpaka vikaushwe. Selotepu usiitumie popote, hata kwa picha iliyochanika vipande viwili. Weka vipande pamoja kwenye bahasha moja.

Ukipekua vitu vya mama, tafuta negativu, zile filamu ambazo picha zilichapwa kutoka kwazo. Studio nyingi zilikuwa zinampa mteja picha pamoja na vipande vya filamu ndani ya bahasha ile ile, na watu wakivisahau kwenye mikoba na vitabu. Negativu moja iliyosalimika ni bora kuliko picha kumi zilizobanduliwa kwa ustadi, kwa sababu kutoka kwayo picha inazaliwa upya ikiwa na rangi ambazo albamu haikuzigusa. Zikiwa zinanuka siki, filamu imeanza kuoza: zitenge na nyingine na uzikopi mapema.

Kuhusu wekundu, hakuna ulichokosea. Picha za rangi za wakati ule zina rangi tatu zilizolaliana: njano, wekundu wa zambarau, na bluu yenye ukijani. Katika karatasi nyingi za zamani hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa dhaifu, ikififia hata gizani, albamu ikiwa imefungwa. Iliyobaki ni njano na wekundu, na nyuso zote zinaonekana kama za machweo. Picha yenyewe hairudi. Nakala yake inarudi kwa kiasi kizuri, kwa kuwa programu ya kawaida ya kuhariri picha inaweza kuikuza ile bluu kidogo iliyosalia. Fanyia kazi nakala ya nakala, ile ya kwanza ibaki kama ilivyotoka.

Programu za akili bandia zinazojigamba kufufua picha za zamani nazitazama kwa jicho la pembeni. Penye shimo hazijui palikuwa na nini, zinabuni. Nimeona bibi wa watu akirudishwa na meno ambayo hakuwahi kuwa nayo, na wajukuu wakiapa ndiye yeye. Ukitaka ya kupamba sebule, sawa, ila iandike kwamba imetengenezwa.

Imebaki ile ya harusi. Usijaribu kuitoa kwenye kioo, wala kwa uzi, wala kwa maji, wala kwa mvuke wa birika. Fungua fremu kwa nyuma, toa ubao na karatasi zilizolowa na kuoza, na kioo chenye picha kikitoka pamoja, kilaze uso chini juu ya taulo. Safisha upande wa nje wa kioo kwa kitambaa kikavu. Kisha ipige picha kupitia kioo, ukielekeza mwanga kutoka ubavuni. Ukiinamisha ukaona mng'ao wa buluu kwenye sehemu nyeusi za ukingoni, usiogope: taswira ya picha hizo ni chembe za fedha halisi, na fedha huja juu inapozeeka, kama bangili za bibi zinavyobadilika rangi sandukuni.

Hiyo ndiyo picha moja ninayoona inastahili mkono wa mtu aliyesomea, hasa ukiona utando unamenyuka kama ganda la kitunguu. Hali nyingine za kutojaribu nyumbani ni picha zilizolowa zikashikana zikawa bunda moja, na picha zilizopakwa rangi kwa mkono. Ulizia kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam. Ukiwa na safari ya Unguja, Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani. Usiende ukitegemea watakufanyia kazi, uliza kama wana mtu wa kukutazamia na kukushauri. Chukua nakala kwenye simu uwaonyeshe kwanza, picha yenyewe iache nyumbani hadi ujue unampelekea nani. Na kama jibu litakuwa kwamba haitoki, itengenezee fremu yenye kina, na kioo chake hicho hicho, na uihifadhi mahali ambapo mwanga haufiki. Ukutani weka nakala ukipenda, ya asili ikae gizani.